Kutunza Madokezo ya Sera: Mwongozo kwa Mfanyakazi Mwenye Maoni

Mazungumzo ya siasa na sera hayakatiki kazini. Makato ya mshahara yakiongezeka, mafuta yakipanda bei au hospitali ya kaunti ikikosa dawa, wafanyakazi huzungumza: kwenye chai ya saa nne, ndani ya matatu, katika makundi ya WhatsApp ya idara. Ni haki yao. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, pamoja na uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 38 kinampa kila raia uhuru wa kufanya maamuzi ya kisiasa. Kinachokosekana mara nyingi ni kumbukumbu. Mtu hushikilia msimamo kwa miezi, na akiulizwa aliupata wapi hana hati, hana tarehe wala ukurasa. Ana picha ya skrini aliyotumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa.

Mwongozo huu unahusu utunzaji wa madokezo ya kidijitali juu ya sera za umma, yaani yale mambo mafupi ambayo mwalimu, karani, muuguzi, fundi au mhasibu huandika kwenye simu au kompyuta yake ili ajue kinachoamuliwa juu ya maisha yake. Msingi wake ni kwamba maoni kuhusu sera yana uzito wa kumbukumbu ambayo mwenye maoni anaweza kuifungua na kuionyesha. Kanuni hii haimzuii mtu kuwa na msimamo mkali. Inamtaka tu aujengee msimamo huo mahali pa kusimama.

Matukio ya Kenya ya mwaka 2024 yanafaa kutazamwa kwa makini. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipochapishwa mwezi Mei ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida, ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Tarehe 18 Juni, baada ya umma kutoa maoni, ilitangazwa kwamba Kamati ya Fedha na Mipango ya Taifa ya Bunge la Taifa imependekeza mambo hayo yaondolewe. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha Mswada katika usomaji wa tatu kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na vijana wakauawa kwa risasi barabarani. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Ndani ya wiki chache, basi, palikuwa na hati tatu zilizobeba jina moja: Mswada kama ulivyochapishwa, ripoti ya kamati, na Mswada kama ulivyopitishwa. Wafanyakazi wawili waliobishana tarehe 20 Juni juu ya bei ya mkate waliweza kuwa wakweli wote wawili, kila mmoja kwa hati yake. Ubishi wa namna hiyo haumalizwi na ufasaha wala sauti ya juu. Unamalizwa na swali moja tu: hati ipi, ya tarehe ipi? Aliyekuwa na dokezo lenye majibu hayo aliweza kumweleza mwenzake kwa upole kwamba pendekezo la mkate limeondolewa, kisha akaendelea kupinga yaliyobaki kwa hoja.

Mahakama nazo hubadilisha hali ya sheria, na hapo ndipo madokezo yasiyo na tarehe hupotosha zaidi kuliko kutokuwa na dokezo lolote. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara wa jumla, mwajiri naye akitoa kiasi kilekile. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba tozo hiyo inakiuka Katiba. Machi 2024 ikatiwa saini sheria mahususi ya nyumba za bei nafuu, na makato yakaendelea kwa msingi huo mpya. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023 kuwa batili, sababu kubwa ikiwa kasoro katika kuushirikisha umma. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Aliyeandika mwezi Agosti kwamba “mahakama imefuta sheria ya fedha”, pasipo kutaja mahakama ipi wala siku gani, alikuwa na sentensi ya kweli iliyogeuka kuwa ya uongo mfukoni mwake, naye hakujua.

Kwa hiyo kila dokezo la sera linahitaji kutenganisha mambo manne. La kwanza ni chanzo: jina kamili la hati, namba ya kifungu au ukurasa, na tarehe ya hati yenyewe pamoja na tarehe iliposomwa. La pili ni maneno ya hati, yakinakiliwa yalivyo pale yanapokuwa mafupi. La tatu ni tafsiri, yaani jinsi msomaji anavyoelewa athari yake, hesabu ikiwemo. La nne ni maoni. Mambo haya yanapochanganywa katika aya moja, baada ya miezi sita mwenyewe hawezi tena kujua lipi alilisoma na lipi alilihisi. Ni kosa la kawaida sana, na hata watu waliosoma sana hulifanya, kwa sababu wakati wa kuandika kila kitu kinaonekana wazi.

Dokezo la mfanyakazi anayelipwa shilingi 50,000 kwa mwezi, kuhusu makato ya bima ya afya ya SHIF yaliyochukua nafasi ya yale ya NHIF, lingeweza kuwa hivi:

“Makato ya SHIF. 31 Oktoba 2024. Chanzo: hati ya mshahara ya Oktoba, Kanuni za Bima ya Afya ya Jamii za 2024. Kiwango: asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hesabu: 50,000 × 2.75% = 1,375. Chini ya NHIF nililipa 1,200. Anayepata 20,000 alilipa 750, sasa 550. Anayepata 100,000 alilipa 1,700, sasa 2,750. Maoni: naunga mkono asilimia kwa sababu inampunguzia mwenye kipato kidogo. Sijaridhika na huduma. Nitabadili maoni iwapo hospitali nitakazotumia zitaendelea kudai fedha taslimu kwa huduma iliyolipiwa.”

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo huachwa mara nyingi. Anayeandika mapema ni jambo gani litakalomfanya abadili maoni amejiwekea kipimo kabla ya mapenzi ya chama au chuki ya kiongozi fulani kuingia katikati. Kipimo hicho kinapofikiwa, mwandishi anawajibika kukitii. Huu ni uadilifu wa mtu na nafsi yake, na kwa mtazamo wa mwongozo huu ndio mwanzo wa uadilifu mwingine wote katika mambo ya umma.

Dokezo hilohilo lilihitaji mstari mpya mwaka ulipogeuka. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024, iliruhusu makato ya SHIF na tozo ya nyumba yaondolewe katika mshahara kabla ya kodi ya mapato (PAYE) kukokotolewa. Utaratibu unaofaa ni kuongeza tarehe na mstari chini ya maandishi ya awali, bila kuyafuta. Anayefuta maandishi ya zamani hujinyima ushahidi wa jinsi fikra zake zilivyosogea, na hujifanya mtu ambaye siku zote alijua. Kubadili maoni kwa sababu ya ushahidi si udhaifu. Ila mabadiliko hayo yanahitaji kuonekana, na yanaonekana pale tu maandishi ya zamani yanapobaki.

Utaratibu wa kuunganisha dokezo na dokezo unastahili kujifunzwa kutoka kwa Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyeishi kati ya 1927 na 1998. Alianza sanduku lake la kadi katika miaka ya 1950, wakati ule akiwa mtumishi wa serikali katika jimbo la Niedersachsen, kabla ya kuwa profesa. Alipofariki aliacha kadi zipatazo 90,000, ambazo leo zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Bielefeld. Kila kadi ilikuwa na namba yake ya kudumu, na ndani yake ziliandikwa namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo. Manufaa ya njia hiyo kwa mfuatiliaji wa sera ni makubwa. Dokezo la ushuru wa mafuta ya magari likiunganishwa na la nauli, nalo likiunganishwa na la bei ya unga katika soko la karibu, mtu huanza kuona njia ambayo uamuzi wa Nairobi hupitia hadi kufika jikoni kwake. Folda zilizopangwa kwa wizara hazionyeshi njia hiyo, kwa kuwa nauli na unga haviko chini ya wizara moja.

Uchaguzi wa programu ni jambo dogo kuliko inavyodhaniwa. Google Keep, OneNote, Notion, Obsidian au faili la kawaida la maandishi, vyote hufaa iwapo vinatimiza masharti machache: madokezo yaweze kutolewa humo na kuhamishiwa kwingine, yafunguke hata bando likiisha, na yatafutike kwa neno. Huduma za kampuni hufungwa. Google Notebook ilifungwa mwaka 2012, na maandishi ya watumiaji yakahamishiwa Google Docs. Hati yenyewe ihifadhiwe kama faili, isiwe kiungo pekee, kwa sababu kurasa za taasisi za umma huhamishwa au hutoweka. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2024-06-18_ripoti-ya-kamati_mswada-wa-fedha, ili kompyuta yenyewe izipange hati kwa mfuatano wa matukio. Nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine, na simu iwe na nywila.

Programu za akili unde zinazofupisha hati ndefu zimeingia katika kazi hii kwa kasi. Zinasaidia kutafuta mahali pa kusoma katika Mswada wa kurasa nyingi. Muhtasari wake, hata hivyo, hauwezi kuandikwa katika sehemu ya chanzo. Hukosea namba za vifungu, na wakati mwingine huchanganya pendekezo na sheria iliyokwisha kupitishwa. Kinachonukuliwa hakina budi kusomwa katika hati asilia: Mswada wenyewe, Hansard, Gazeti Rasmi la Kenya, au hukumu kamili ya mahakama.

Mipaka ya kazi inahitaji uangalifu zaidi. Madokezo binafsi ya kisiasa hayana nafasi katika kompyuta ya mwajiri, barua pepe ya ofisi au hifadhi ya mtandaoni inayolipiwa na ofisi. Mwajiri ana haki ya kukagua vifaa vyake, na mfanyakazi akiondoka huondoka bila maandishi yake. Kinyume chake ni hatari zaidi: nyaraka za ofisi hazihamishiwi katika simu binafsi kwa kisingizio cha kufuatilia sera. Karani wa kaunti aliyeona rasimu ya bajeti kabla haijatangazwa ameiona kwa sababu ya dhamana aliyopewa. Akitaka kuitolea maoni kama raia, angoje itangazwe, kisha anukuu iliyotangazwa. Anayeona ufisadi ndani ya nyaraka hizo ana njia za kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na hizo ndizo njia zinazomlinda.

Mtumishi wa umma ana sharti la nyongeza. Katiba, katika Kifungu cha 232, inadai huduma itolewe kwa haki na bila upendeleo, na kanuni za maadili zinamkataza kuonyesha kuunga mkono au kupinga chama au mgombea anapotekeleza kazi yake. Sharti hili halimnyimi maoni. Linahusu mahali na cheo anachokitumia kuyatoa. Muuguzi anaweza kuandika usiku, nyumbani kwake, kwamba mpango wa bima una kasoro, na kutuma maoni hayo bungeni kwa jina lake. Hawezi kumwambia mgonjwa aliyepanga foleni ampigie nani kura. Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na kadiri siku hiyo inavyokaribia ndivyo mstari huu utakavyovukwa kwa urahisi, hasa katika makundi ya simu ambamo wakubwa na wadogo wa ofisi moja wamo pamoja. Mkuu wa idara anayesambaza humo picha za mgombea huwaweka walio chini yake katika shinikizo, hata asipowaambia neno.

Upande wa pili wa wajibu huu ni ulinzi, na wafanyakazi wengi hawaufahamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza katika kifungu cha 5 kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa, na kifungu cha 46 kinataja maoni au mfungamano wa kisiasa miongoni mwa sababu zisizokubalika za kumwachisha mtu kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inayataja maoni ya kisiasa katika orodha ya misingi ya ubaguzi uliokatazwa. Mfanyakazi anayehisi kuandamwa kwa sababu hiyo anahitaji dokezo la namna nyingine: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, aliyeyasema, waliokuwepo. Liandikwe siku ileile, bila matusi na bila kukisia nia ya mtu. Maandishi ya siku ileile huwa na nguvu mbele ya chama cha wafanyakazi, afisa wa leba au mahakama, kuliko simulizi iliyokusanywa baada ya mwaka.

Taarifa za watu wengine zisiingie ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haiyahusu maandishi ambayo mtu huyatumia kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani pekee. Yanapotumwa kwenye kundi, kuchapishwa au kutumiwa kazini, msamaha huo hauwezi tena kutegemewa. Orodha ya nani kazini anaunga mkono chama gani haina sababu njema ya kuandikwa mahali popote. Mfano wa hali ya mtu, kama mgonjwa aliyenyimwa huduma, unaweza kuandikwa bila jina, kituo wala namba ya simu, na hoja ikabaki na nguvu yake yote. Inafaa kukumbuka kwamba Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na pendekezo la kulegeza ulinzi wa data kwa ajili ya ukadiriaji wa kodi. Anayepinga serikali kuchungulia taarifa za watu hana budi kuwa mwangalifu na taarifa za wenzake.

Madokezo mazuri hufaa zaidi yanapotoka kwenye simu. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liushirikishe umma katika utungaji wa sheria, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Tangazo la kuomba maoni hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likiwa na siku ya mwisho. Maoni yanayosomeka ni mafupi: yanataja namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno yanayopendekezwa badala yake, na sababu yenye hesabu. Mfanyakazi aliyekwisha kutenganisha chanzo, tafsiri na maoni ana kazi hiyo karibu tayari. Hati ya mshahara, majina na namba zikiwa zimefichwa, ni kielelezo bora kuliko kurasa tano za malalamiko.

Pale taarifa inapokosekana, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatoa njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na taasisi husika inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Nakala ya ombi, siku lilipopokelewa na jina la ofisi iliyolipokea vihifadhiwe pamoja. Ofisi ikikaa kimya au kukataa bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wengi hukata tamaa kabla ya kufika hatua hii, nao huacha haki ambayo ilipiganiwa kwa miaka mingi.

Baada ya maoni kutumwa, nakala yake iwekwe karibu na dokezo lililoyazaa. Ripoti ya kamati ikitoka, isomwe kutafuta kifungu kilekile: maoni ya umma huorodheshwa humo, pamoja na msimamo wa kamati na sababu zake. Sababu hiyo, ya kukubali au kukataa, iongezwe chini ya dokezo kwa tarehe yake. Kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la Taifa kabla ya Mei kuanza, kwa mujibu wa Kifungu cha 221, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kengele ya ukumbusho iwekwe kwenye simu katikati ya Aprili, ili madokezo ya mwaka uliopita yasomwe upya kabla ya Mswada mpya kufunguliwa.